SOMO: MZIGO MZITO KWENYE TRELA



Trela moja nyuma ya gari dogo hubeba mabati, nguzo, saruji na virago vya familia nzima. Lakini tazama barabara zetu. Kamembe iko juu ya Ziwa Kivu, na uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Bugarama liko karibu na mita 1,000. Kwenda huko ni kuteremka mita mia nne na zaidi, na kwenye mteremko mzigo husukuma gari. Kwa hiyo kagua kila kitu kabla ya kuondoka.

Anza na uzito. Mfuko wa saruji ni kilo 50, basi mifuko 20 ni tani moja. Gari lina kiwango chake cha kuvuta na trela ina chake cha kubeba. Kama dereva havijui, punguzeni mzigo, mwende mara mbili.

Vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli, na sehemu kubwa kidogo ielekee mbele. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela huinua mkia wa gari, kisha huyumba kama nyoka. Trela na mzigo wake vikiwa kilo 1,000, kilo 100 hivi ziilalie ndoana ya gari. Kabla ya kuunganisha, jaribuni kuinua mkono wa trela. Mtu mmoja akiuinua kwa urahisi, sogezeni mifuko mbele.

Turubai, au bashi kama wengi wanavyosema, huzuia mvua tu. Halishiki mzigo. Vivyo hivyo mipira iliyokatwa kwenye tyubu za matairi: hunyumbuka, na mzigo huruka shimoni wa kwanza. Tumia kamba imara au mnyororo, ufunge kila upande kwenye chuma cha trela. Bati hukata kamba, basi weka gunia au katoni kwenye kila kona. Nguzo zikitokeza nyuma, ning'iniza kitambaa chekundu. Minyororo ya usalama ipitishwe kwa kukingamana chini ya ndoana.

Mtu yeyote asipande juu ya mzigo, hata mtoto, hata kama nafasi ipo. Dereva akisema "kaa juu uushikilie", mkatalie. Mzigo unaohitaji kushikiliwa haujafungwa.

Dereva aingize gia ndogo kileleni, kabla ya kuteremka. Breki pekee zitapata moto na kushindwa. Trela ikianza kuyumba, asikanyage breki kwa ghafla. Aondoe mguu kwenye mafuta na kushika usukani sawa. Baada ya kilomita chache asimame, kwani kamba hulegea, akaze tena.

Mkifika, wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu ndipo mfungue ndoana. Watoto wakae upande wa juu wa mteremko.