SOMO LA MUZIKI: MWALIMU OLSON NA NYIMBO ZA KWETU



Leo tunataka kumkumbuka mtu mmoja wa kanisa la Kilutheri aliyependa muziki maisha yake yote, Pasta Howard Olson. Wengi wetu hapa Lubudi si Walutheri, lakini kazi yake inagusa taabu tuliyo nayo katika korale yetu, kwa hiyo tutasoma juu yake pole pole.

Taabu ni hii. Twaeni neno "Bwana". Tukisema, nguvu iko juu ya BWA. Sasa imbeni neno hilo kwa wimbo wa Ulaya unaoanza na pigo dogo, kisha pigo kubwa. Mutasikia "bwaNA". Ni vile kwa sababu wimbo ulitungwa kwa Kijerumani ama Kiingereza, maneno ya Kiswahili yakaja nyuma na kusukumwa ndani kama mizigo katika gari lililojaa. Kiswahili kinavumilia kidogo. Lakini Kiluba na Kisanga havivumilii: sauti ikipanda mahali pa kushuka, neno linaweza kugeuka kuwa neno lingine, na babu aliyekaa nyuma anacheka wakati wa maombi.

Olson alizaliwa mwaka 1922 kule Minnesota, Marekani, akaja Tanganyika mwaka 1946 kama misionari. Alijifunza lugha ya Wanyaturu wa Singida, nayo ni lugha ya kupanda na kushuka kama zetu. Hakujifunza kwa kuagiza maji na chakula tu. Aliandika kitabu kizima juu ya sauti na maneno yake, kilichotoka mwaka 1964. Kwa maoni yetu ni hapo muziki wake ulipopata mizizi: sikio lililozoea kusikia sauti ya neno halifurahi kusikia neno hilo likivunjwa katika wimbo.

Kisha alifundisha miaka mingi katika chuo cha wachungaji cha Makumira, karibu na Arusha. Wanafunzi walitoka pande zote za Tanzania, na kila mmoja alikuja na nyimbo za kwao kichwani. Olson aliwaomba waziimbe. Nyimbo za namna hiyo zikapewa maneno ya Kikristo na kuandikwa kwa noti, na mwaka 1968 kikatoka kitabu Tumshangilie Mungu. Nyimbo nyingi za namna hii ziko na kiongozi anayeimba mbele na wote wanaoitikia. Mwenye kitabu na asiye na kitabu wanaimba pamoja, hata mama asiyesoma.

Mmoja wa wanafunzi wale alikuwa Bernard Kyamanywa. Mwaka 1966 aliandika Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka. Olson aliutia katika Kiingereza, na mwaka 1969 Ulrich Leupold akautia katika Kijerumani. Leo uko katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, namba 116. Wajerumani, watu wa Luther mwenyewe, wanaimba Pasaka kwa wimbo wa Tanzania! Sasa ni zamu yao kusukuma maneno ndani ya wimbo wa wengine.

Wakati tuliposoma habari hizi darasani, kijana mmoja aliuliza: "Sasa huyu muzungu njo alikuya kutufundisha nyimbo zetu?" Ulizo ni zuri, na hatutalikwepa. Nyimbo hakuzifundisha, alizipokea. Waliozileta ni akina Kyamanywa. Lakini tusisahau kwamba mahali pengi wamisionari na wazee wa kanisa walikataza ngoma na nyimbo za kwetu, wakisema ni za pombe na za mizimu. Misionari kukaa chini na kumwambia mwanafunzi wake "imba, ninasikiliza" halikuwa jambo dogo.

Wazee nao tusiwacheke. Mzee mmoja wa hapa alituambia kwamba akisikia wimbo fulani, hata ukiwa na maneno ya Zaburi, moyo wake unarudi kwenye mtungi wa pombe. Tunamwamini. Wimbo unabeba kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa kubadili maneno. Kwa hiyo si kila wimbo wa kijiji unafaa, na sisi vijana hatuwezi kuchagua peke yetu bila kuuliza wanaojua wimbo ulitoka wapi: wa kulima, wa harusi, wa matanga, ama wa kitu kingine.

Olson alifariki mwaka 2010.

Kazi ya juma hili: kila mwanakorale aulize nyumbani wimbo mmoja wa zamani, na kazi yake ilikuwa nini. Halafu achague mstari mmoja wa Zaburi katika lugha ya kwao, ausome kwa sauti mara tatu, kisha aupige mluzi bila maneno. Aandike mahali sauti inapopanda na inapotelemka. Tutakutana Jumatano nyuma ya masomo, tusikie kama mluzi na wimbo vinapatana. Mzee wetu ameahidi kuja.