Miti, Ukimya na Mfumo wa Neva

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi mdogo kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji walilinganishwa wawili wawili: dirisha la mmoja lilitazama miti, la mwenzake ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo, tena walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Nao hawakuingia msituni, walitazama tu.

Namna jambo hili linavyowezekana hutafutwa katika mfumo wa neva unaojiendesha, ule unaosimamia mapigo ya moyo na usagaji wa chakula pasipo mtu kuuamuru. Tawi lake la simpathetiki huuandaa mwili kupambana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Tawi la parasimpathetiki, ambalo njia yake kuu ni neva ya vagasi itokayo kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, huurejesha mwili katika mwendo wa pole. Tawi la kwanza halingoji simba. Honi za daladala, deni na usiku wa kelele hulitosha, na anayeishi hivyo kila siku hupungukiwa usingizi, huku kiwango cha homoni ya kotisoli kikikawia kushuka.

Mwaka 2019 watafiti wa Michigan waliwaomba wakazi wa mjini wakae au watembee polepole penye uoto, angalau mara tatu kwa wiki, kisha wakapima kotisoli katika mate yao. Ilishuka kwa kasi zaidi katika kipindi cha dakika 20 hadi 30. Sharti lililo gumu zaidi leo lilikuwamo: bila simu, bila kusoma, bila mazungumzo.

Si lazima kusafiri mbali. Mwembe wa uani unafaa, mradi pawe salama na mbu wasiwe wengi. Mtu aketi, atoe pumzi taratibu kuliko anavyoivuta, asikilize majani. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aendelee nazo kama alivyoagizwa. Na mwenye maumivu ya kifua aende hospitali, asiende bustanini.