TUTUNZE GARI LA MRADI: Kubadilisha Bushi za Springi Wenyewe



Katika maombi tunayopokea kutoka sharikani, ombi la gari jipya halikosekani. Sababu inayoandikwa mara nyingi ni kwamba gari lililopo "limechoka": linagonga, linayumba, linakula matairi. Tukienda kulikagua, si mara moja tumekuta injini nzima na gia boksi nzima, ila chini ya gari kuna raba chache zilizokwisha. Wafadhili wengi huchangia kununua gari lakini hawachangii matengenezo, na hilo tunalisema hapa bila kumlaumu mtu. Kwa hiyo tumeona somo la robo hii liwe juu ya bushi, kama tulivyolifanya kwa vitendo na madereva wa miradi uani Daraja Mbili.

Bushi ni raba inayokaa kati ya chuma na chuma. Kwenye Land Cruiser Hardtop na pikapu za Hilux, ambazo ndizo nyingi katika miradi yetu, springi za nyuma ni za majani yaliyopangwa. Jani kubwa limekunjwa kila mwisho kuwa jicho. Jicho la mbele limeshikwa na pini moja kwenye chesesi. La nyuma limening'inizwa kwa shekeli, yaani vile vyuma viwili vinavyobembea ili springi ipate kurefuka inapobonyea. Katika kila tundu la pini kuna bushi, ambayo hupokea mtikisiko na kuzuia vyuma visisagane.

Raba hizi huchakaa kwa umri, kwa mzigo uliozidi na kwa vumbi la huku kwetu chini ya Meru, ambalo huingia pembeni mwa pini na kusaga kama msasa. Adui mwingine ni mafuta. Dizeli au oili ikivuja juu ya raba, raba huvimba, ikalainika, ikamegeka. Ukibadilisha bushi bila kuziba uvujaji, umetupa fedha.

Dalili mtazisikia kabla ya kuziona. Gari linagonga nyuma likipita kwenye tuta au korongo. Dereva anarekebisha usukani kila wakati hata barabara ikiwa imenyooka, kwa sababu ekseli ya nyuma haikai mahali pake. Likifungwa breki linavuta upande. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la kelele tu. Gari lililobeba mama mjamzito au chanjo za watoto, likishuka mlima wakati wa masika, halipaswi kuwa na ekseli inayotembea yenyewe. Ingieni chini na tochi gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Tazameni kama pini ipo katikati ya jicho au imelalia upande mmoja, kama raba imepasuka au imechungulia nje, na kama kuna unga mwekundu wa kutu kuzunguka pini. Kisha chukueni mtaimbo, mpandishe springi kidogo karibu na jicho. Ikicheza kwa mlio wa chuma, bushi imekwisha.

Kabla ya kununua, hesabuni. Katika magari mengi ya aina hii bushi huja vipande viwili viwili, kimoja kila upande wa tundu, na springi moja ina matundu matatu: la mbele na mawili ya shekeli. Hivyo ni vipande sita kwa springi, kumi na viwili kwa nyuma yote. Badilisheni pande zote mbili kwa pamoja. Spea za bandia ni nyingi madukani na maboksi yake yanapendeza kuliko ya halisi; nendeni na kipande cha zamani mkononi, mlinganishe unene na urefu, na mdai risiti. Zipo pia bushi za plastiki ngumu. Zinadumu, lakini hupitisha mtikisiko zaidi, na zinahitaji grisi yake maalumu. Kwa gari linalobeba wagonjwa sisi tunapendelea raba.

Jambo la usalama tunalitaja kwa ukali. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata akiwa fundi wa miaka ishirini. Matofali ya saruji nayo si stendi: hupasuka ghafla bila kutoa taarifa. Kama usharika hauna stendi mbili za chuma, zinunuliwe kwanza kabla ya bushi.

Jioni ya kuamkia kazi, sugueni nati kwa brashi ya waya na kuzipulizia mafuta ya kulegezea kutu, yasiguse breki. Asubuhi egesheni gari kwenye sakafu tambarare, zuieni matairi ya mbele kwa magogo mbele na nyuma, inueni nyuma na kuweka stendi chini ya chesesi pande zote mbili. Jeki ya pili iwekwe chini ya ekseli. Kazi yake ni kupandisha na kushusha ekseli kidogo kidogo mpaka pini isiwe na mzigo. Pini iliyobanwa na uzito haitoki kwa nyundo, itaharibika tu. Fanyeni upande mmoja hadi umalizike, ndipo muende wa pili, ili ekseli isikose mshiko.

Fungueni shekeli, toeni raba za zamani kwa bisibisi au kisu. Mafundi wengi wa mitaani huzichoma kwa moto wa gesi. Tunawaomba msikubali: tangi la mafuta liko karibu, moshi wake ni sumu, na joto kali huondoa ugumu wa chuma cha springi, kikaja kukatika baadaye. Safisheni jicho mpaka ling'ae. Pitisheni kidole juu ya pini. Ikiwa imelika na kufanya mfereji, pini nayo ibadilishwe, maana bushi mpya juu ya pini iliyolika haifiki mbali. Hapo hapo kagueni majani ya springi kama kuna lililopasuka.

Bushi mpya ya raba ipakwe maji ya sabuni, itaingia kwa mkono. Msipake oili wala grisi ya kawaida, kwa sababu ile ile ya kuvimba. Rudisheni pini na nati, lakini msizikaze. Hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi: nati hukazwa gari likiwa bado hewani na springi imening'inia, kisha gari likishushwa raba inabaki imesokotwa muda wote na kupasuka mapema. Shusheni gari kwenye matairi, litikiseni mara kadhaa likae sawa, ndipo mkaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo.

Mbele ni habari nyingine. Hardtop za zamani, kama HZJ75, zina springi za majani hata mbele na kazi ni ile ile. Lakini kuanzia mwaka 1999 Toyota iliziwekea Hardtop mpya springi za koili mbele, na bushi zake kubwa hushindiliwa kwa mashine ya presi. Hilux nazo zina mikono ya mbele ya namna yake. Hizo zipelekwe gereji yenye presi, na baadaye matairi yapimwe mwelekeo. Koili iliyobanwa ikifyatuka inaua, msijaribu nyumbani.

Baada ya kilomita 500 hivi kazeni tena nati zote, na dereva aandike katika daftari la gari tarehe, kilomita na aina ya bushi iliyowekwa. Nakala ya ukurasa huo iambatane na taarifa ya robo, pamoja na risiti za spea. Stendi za ofisini Daraja Mbili zinaazimwa kwa siku mbili, kwa barua ya mwenyekiti wa kamati.