Mkaa, Binzari na Pindo la Kanga: Vidokezo kwa Mwanafunzi wa Sanaa Anayejaribu

Mwanafunzi wa sanaa huanza kwa kuchora chungu, kiganja na kiti. Muda si mrefu penseli peke yake haimtoshi tena: anataka kuchana, kubandika, kumwaga wino, kushona uzi kwenye karatasi. Hamu hiyo ni njema na mwalimu asiizime. Lakini nimeona kazi nyingi za wanafunzi ambazo kila kitu kimo, gazeti, shanga, mchanga, rangi ya kopo, isipokuwa picha. Vidokezo hivi ni vya kulifanya jaribio lizae picha, na vifaa vyake vingi viko jikoni, kwa fundi cherehani na kwenye duka la steshenari lililo karibu nawe.

1. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati

Chagua kitu cha kawaida: ndala, birika au jiko la mkaa. Kichore kwa penseli. Halafu kichore hichohicho, kwa ukubwa uleule, kwa mkaa; kisha kwa wino na kijiti kilichochongwa. Penseli itakuonyesha ukingo wa birika, mkaa utakuonyesha uzito wake, na wino utakulazimisha kuamua kwa sababu haufutiki. Ukibadilisha kitu, karatasi na rangi kwa mpigo mmoja, picha ikitoka nzuri hutajua nini kimeipendezesha, na kesho hutaweza kuirudia.

2. Choma mkaa wako mwenyewe

Mkaa wa kupikia hutoka kwenye miti migumu, kwa hiyo hukwaruza karatasi na kukataa kuachia weusi. Mkaa wa kuchorea hutoka kwenye vijiti vyembamba vya mti laini. Tafuta kopo la bati lenye mfuniko unaobana, toboa tundu moja dogo kwa msumari, kisha panga ndani vijiti vikavu vilivyomenywa maganda. Funga, uliweke motoni, na ufanye kazi hii nje ya nyumba.

Tazama tundu. Moshi utatoka mzito na mweupe, kisha utapungua, ukikatika, epua. Hapa ndipo subira inapohitajika: usifungue kopo mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiingia vijiti vingali na joto, vitashika moto na utabaki na jivu. Kijiti kilichoiva huvunjika kwa mlio mkavu na ni cheusi mpaka kwenye kiini. Ukiona ukahawia ndani, kirudishe.

3. Ufutio nao ni kalamu

William Kentridge wa Johannesburg amejenga filamu zake maarufu, kuanzia mwaka 1989, kwa njia rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Huchora kwa mkaa, hupiga picha, hufuta sehemu ya mchoro, huchora tena juu ya karatasi ileile, hupiga picha nyingine. Kilichofutwa hakitoweki kabisa. Kivuli chake hubaki, na mtazamaji huona muda ukipita juu ya karatasi.

Jaribu hivi. Paka karatasi nzima mkaa, usambaze kwa kitambaa mpaka ipate kijivu kimoja, halafu chora kwa kufuta. Anza na taa ya kibanda cha chipsi usiku, kisha mvuke wa mafuta, kisha uso wa muuzaji upande unaopata mwanga. Mstari mweusi uje mwisho kabisa. Ukimaliza, vumbi la mkaa litahitaji kutulizwa. Dawa maalumu ya kunyunyizia ndiyo bora. Van Gogh alituliza michoro yake ya penseli kwa maziwa. Dawa ya kupulizia nywele inafaa kwa mazoezi, ila usiiamini kwa kazi unayotaka idumu, maana baadhi hugeuka njano.

4. Rangi za jikoni: zifurahie, lakini zijaribu juani

Chai ya rangi iliyokolezwa sana hutoa kahawia tulivu, na kahawa hutoa kahawia yenye joto zaidi. Lakini kinachonifurahisha kuliko vyote ni binzari. Ichemshe, ichuje, paka karatasi mpaka iwe ya manjano, iache ikauke. Sasa yeyusha magadi kidogo kwenye maji, chovya brashi, uchore juu ya manjano hayo. Maji hayana rangi, lakini mstari unatokea mwekundu wa udongo palepale brashi inapopita, kwa sababu binzari hubadilika rangi ikikutana na magadi. Rozela nayo hubadilika: wekundu wake hukimbilia buluu au kijani. Unaweza kuchora mandhari nzima kwa ndoo mbili za jikoni.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Kata ukanda wa karatasi uliopakwa kila rangi, pamoja na rangi ya udongo ninayoieleza hapa chini, funika nusu kwa karatasi nzito, ubandike dirishani penye jua. Baada ya wiki chache funua. Binzari itakuwa imepauka vibaya. Udongo hautakuwa umebadilika. Wekundu wa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni wa udongo wenye chuma, nao umeshinda jua na mvua kwa vizazi visivyohesabika.

Udongo wa kuchorea huandaliwa hivi: loweka, koroga, acha mchanga uzame, mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine, acha yatulie, mwaga maji ya juu. Kinachobaki chini ndiyo rangi. Changanya na utomvu wa mgunga ulioyeyushwa kwenye maji, au gundi nyeupe kidogo. Masizi ya chini ya sufuria huandaliwa kwa utomvu huohuo, na hayo pia hayapauki.

5. Karatasi ikipinda

Imelowa upande mmoja tu, nyuzi za upande huo zimetanuka. Ibane kwenye hadibodi kwa utepe pande zote nne kabla ya kupaka maji. Kama umeshachelewa, bandika karatasi ya unene uleule nyuma yake na ukandamize chini ya vitabu, ukitenganisha kwa nailoni.

6. Kila kipande kiwe na kazi

Mwaka 1912 Picasso alibandika kwenye picha ya meza kipande cha kitambaa chenye chapa ya ukili wa kiti, akazungusha kamba halisi ukingoni. Kiti hakukichora, alikileta. Tangu hapo kubandika kumekuwa njia halali ya kuchora, lakini uhalali huo haukupi ruhusa ya kubandika chochote. Muulize kila kipande: umekuja kusema nini ambacho penseli yangu haiwezi?

Tazama kazi za Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Katika mfululizo mmoja wa mwaka 2006 alitumia michoro ya zamani ya kitabibu, ya magonjwa ya mfuko wa uzazi, akajenga juu yake nyuso za wanawake kwa vipande vya majarida na vitu vya kumetameta. Karatasi ya chini inazungumzia namna tiba ilivyoutazama mwili wa mwanamke. Vipande vya majarida vinazungumzia namna biashara inavyoutazama. Ukiondoa kimoja, hoja inakufa. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi: ondoa kipande, na kama picha haijapoteza kitu, kisirudi.

Kwetu hazina kubwa ni kanga. Ina pindo, mji na jina, yaani ukingo, moyo na sauti, vyote kwenye nguo moja. Pindo linaweza kuzunguka picha yako na kuifanya ya nyumbani mara moja. Jina ni kitu kizito zaidi. Ukilibandika zima, mtazamaji anayejua Kiswahili atalisoma kabla hajaona ulichochora, na maneno yataiendesha picha. Kama hutaki hivyo, likate katikati ili zibaki silabi mbili tatu. Jicho litatafuta zilizosalia na litakaa kwenye picha muda mrefu. Usikate kanga nzima mpya. Waombe mafundi cherehani mabaki, au tumia iliyochakaa, ambayo rangi yake imeshapoa na hukaa vizuri na mkaa.

Mambo mawili ya kiufundi. Paka gundi nyeupe iliyozimuliwa nyuma ya kitambaa, iache ikauke, ndipo ukate kwa mkasi. Ukingo hautachanuka nyuzi. Na gazeti hugeuka njano upesi, kwa hiyo toa fotokopi ya ukurasa unaoutaka kwenye karatasi bora. Fotokopi ya mashine ya unga haichuruziki ikipakwa gundi, tofauti na ya printa ya wino wa maji.

7. Sikiliza unachochorea juu yake

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia ubao wa dari na rangi za kung'aa za baiskeli. Rangi hizo hutanda na kung'aa. Vivuli laini si kazi yake. Ndiyo maana chui wake ni rangi bapa, ukingo wazi na madoa yaliyopangwa. Kifaa kilishiriki kuzaa mtindo ambao leo unatambulika duniani kote.

Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba inayopondwa kwa nyundo za mbao nchini Uganda. Lubugo ina matundu na mishono. Armitage hayazibi yote. Mshono unapita kwenye mkono wa mtu, tundu linakaa angani, na picha inajipanga kuyazunguka. Chukua boksi la televisheni, gunia la mchele au mkeka uliochakaa, na kabla hujapaka chochote, chora ramani ya makovu yake kwenye daftari. Kisha amua kovu lipi litakuwa nini.

8. Mafuta juu, maji chini

Rangi ya mafuta inaweza kukaa juu ya akriliki iliyokauka. Ukigeuza mpango huo, tabaka la juu litabanduka. Na ukitumia spiriti au tapentaini, fungua madirisha.

9. Ukichorea hadithi, chora ambacho maneno yamekiacha

Mchoro wa kitabu una jirani, nayo ni maandishi. Chukua hadithi ya Kima na Papa. Wanafunzi wengi huchora kima amekaa juu ya mgongo wa papa baharini, kwa sababu ndivyo hadithi inavyosema. Lakini msomaji ameshasoma hilo. Chora sekunde ambayo kima ametambua kwamba moyo wake ndio unaotakiwa: vidole vimelikaza pezi, macho yanautafuta ufuko, na ufuko ni mstari mwembamba mbali kabisa. Maneno yatasema alichojibu. Picha itaonyesha alichohisi kabla ya kujibu.

Hapa ndipo majaribio ya nyenzo yanapopata ajira. Bahari iwe karatasi iliyonyunyiziwa chumvi wakati wino bado umelowa, chumvi inyonye wino na kuacha nyota nyeupe. Papa awe karatasi ya kaki iliyochanwa kwa mkono. Kima awe wa mstari wa kalamu tu, mwepesi, ili aonekane hana ulinzi kati ya vitu viwili vizito.

Kabla ya ukurasa wa kwanza, mchore mhusika wako kutoka mbele, ubavuni na nyuma, akiwa na hasira na akiwa anacheka, asije akabadilika sura katikati ya kitabu. Kunja karatasi za A4 utengeneze kitabu cha majaribio. Vitabu vingi vya picha vya watoto huwa na kurasa 24 au 32, kwa kuwa kiwandani karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu. Usiweke uso wa mtu kwenye mkunjo, na acha nafasi ya maandishi tangu rasimu, usiitafute mwishoni.

10. Andika nyuma ya kila jaribio

Tarehe, aina ya karatasi, kiasi cha gundi na cha maji, muda wa kukauka. Majaribio yaliyoharibika yaandikwe kwa ukamilifu uleule, kwa sababu miezi ijayo utahitaji hasa ule mpasuko au lile doa. Kisha piga picha kila kazi ikiwa kivulini nje, asubuhi, simu ikiwa sambamba na karatasi na taa yake imezimwa.