Vidonge Vilevile, Maini Tofauti

Ukianza dawa za kifua kikuu, iwe ni Tingi, Mbinga mjini au kule chini kwenye Ziwa Nyasa, siku za kwanza utashtuka chooni: mkojo umegeuka rangi ya chungwa. Usiogope, hiyo ni rangi ya rifampisini. Cha kuogopa ni mkojo uliokolea kama chai ya rangi iliyochemka mno, pamoja na macho ya njano. Ukishindwa kutofautisha, toka nje mchana, tazama chini, mwenzako akuinue ukope wa juu aone ule weupe wa jicho. Dozi ya kawaida haitii rangi pale. Pakiwa na unjano, huenda ini limeumia.

Tiba ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa 4, kisha miezi 4 ya dawa 2. Kati ya zile 4, rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini, na mara nyingi hutokea ndani ya miezi 2 ya mwanzo.

Sasa, kwa nini ndugu wawili wapewe vidonge vilevile, mmoja arudi shambani kwenye kahawa yake na mwingine atapike hadi aishiwe nguvu? Si uchawi, wala si uzembe wa mgonjwa. Tangu miaka ya 1950 madaktari waligundua kwamba isoniazidi hukaa mwilini muda mrefu kwa baadhi ya watu. Ini huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho NAT2, na kasi yake tunairithi. Aliyepokea kinasaba cha mwendo wa polepole kwa baba na kwa mama pia, dawa humkalia zaidi, na hatari ya ini kuumia huongezeka. Wazazi wenyewe huenda hawakuwahi kusumbuliwa na dawa hiyo. Hapa Afrika Mashariki watu wa namna hiyo si wachache.

Kinasaba peke yake hakitoshi kuleta madhara. Pombe, umri mkubwa, utapiamlo, virusi vya UKIMWI na homa ya ini huongeza mzigo. Kwa hiyo pombe iachwe kabisa hadi dozi iishe, na dawa za miti shamba zisichanganywe bila kumwambia mhudumu.

Kichefuchefu kidogo ni cha kawaida, lakini kitaje kliniki. Ukitapika mfululizo, ukaumwa upande wa kulia chini ya mbavu, au macho yakawa ya njano, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Damu itapimwa; ikionekana ini limeumia, dawa zitasimamishwa, na likitulia zitarudishwa moja baada ya nyingine. Kuacha kimyakimya nyumbani ni hatari zaidi: kifua kikuu hurudi, na vijidudu huweza kuwa sugu.

Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kugeuka njano kwa dawa hizi, mwambie mhudumu siku ileile unapopewa kidonge cha kwanza.