Wazazi, Walezi wa Kwanza

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Je, anayemfundisha mtoto nyumbani anavunja sheria ya nchi? Tuitazame Ireland.

Katiba yake ya mwaka 1937, ibara ya 42, inaitambua familia kuwa mlezi wa kwanza wa mtoto, na inaruhusu elimu itolewe hata nyumbani. Serikali yaweza kudai kiwango cha chini tu: kimaadili, kiakili na kijamii. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ilikataa muswada uliompa waziri mamlaka juu ya namna elimu hiyo inavyotolewa. Hata hivyo, kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto huyo huandikishwa na elimu anayopewa hukaguliwa.

Wako wanaouona ukaguzi huo kuwa uadui. Sisi hatuuoni hivyo. Haki ya mzazi yatokana na wajibu wake kwa mtoto. Na mtoto wa miaka kumi asiyefundishwa kusoma amedhulumiwa, hata kama nyumbani kwao rozari husaliwa kila jioni.