Kipanga wa Msituni Kahama Jenasi

Kipanga wa Afrika, ndege wa misitu ya milimani kama Nou kule Mbulu na Mlima Hanang, vitabu vingi bado vinamwita Accipiter tachiro. Jenasi ya Accipiter ilibeba spishi karibu 50, nyingi kwa kufanana sura tu: mabawa mafupi, mkia mrefu. Vinasaba vikasema mengine. Jenasi ya Circus, vipanga wanaowinda wakiruka chini chini juu ya nyasi, kumbe imechipuka humo humo ndani! Mwaka 2024 Accipiter ikagawanywa, wa kwetu akawa Aerospiza tachiro. Sasa sisi walimu watarajiwa, mwanafunzi akiandika Aerospiza tusimkate maksi. “Tachiro” yenyewe haijaguswa tangu Daudin aiandike mwaka 1800.